Mstari Ulioachwa: Alan Lee na Fantasia ya Tolkien

Je, picha humpokonya msomaji wa fantasia haki ya kujiundia taswira? Alan Lee, mchoraji Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1947, amelijibu swali hilo kwa kalamu ya risasi. Toleo la The Lord of the Rings la mwaka 1991 lina picha zake 50 za rangi ya maji, na aghalabu mashujaa wa Tolkien huonekana humo kwa mbali, wamemezwa na milima na misitu. Vilele vya kisa huachiwa maneno. Huo ni uamuzi wa mhakiki, si wa mpambaji tu.

Hata hivyo, michoro ya awali aliyoikusanya kitabuni mwaka 2005 ndiyo inayomfichua zaidi. Miti yenye mizizi iliyosokotana, mithili ya ile ya Dartmoor alikohamia miaka ya 1970, hukaribia kuwa nyuso. Mstari huanza, husita, huachwa. Yamkini kuachwa huko ndiko kunakompa msomaji nafasi yake. Picha zilizokamilika, pamoja na uzuri wake wote, hazina ukarimu huo. Ajabu ni kwamba penseli iyo hiyo ndiyo iliyompeleka New Zealand kuzibunia mandhari filamu za Peter Jackson, kazi iliyompatia yeye na wenzake Tuzo ya Oscar mwaka 2004. Na filamu haimwachii mtazamaji pengo la kujazia.