Fimbo Nyuma ya Pazia

Niliitazama Farewell My Concubine nikiwa Mutuini, kwenye laptopu ya binamu yangu, stima ikipotea mara mbili. Ni filamu ya karibu saa tatu. Binamu alilala kabla ya nusu. Mimi nilibaki macho, na si kwa sababu ya uzuri wake tu.

Chen Kaige aliitoa 1993, ikagawana tuzo ya Palme d'Or kule Cannes na The Piano. Inawafuata waigizaji wawili wa opera ya Beijing tangu utotoni, miaka ya 1920, hadi 1977. Xiaolou huigiza mfalme. Dieyi, yaani Leslie Cheung, huigiza suria anayejiua kwa upanga wa mfalme huyo. Tawala zinakuja na kwenda: Wajapani, Wazalendo, Wakomunisti. Kila mmoja anataka kuimbiwa, halafu anawahukumu walioimbia waliotangulia.

Wengi huisifu kama hadithi ya sanaa kupondwa na siasa. Sawa. Lakini hebu rudia saa ya kwanza. Kabla serikali yoyote haijamgusa Dieyi, mamake anamkata kidole cha sita ili akubaliwe kwenye shule ya opera. Halafu inaanza fimbo. Mtoto akikosea mistari, anachapwa. Akipatia, anachapwa pia, ili asisahau. Mmoja wao, Laizi, anatoroka na Dieyi, wanawaona mabingwa jukwaani, naye analia akijiuliza walichapwa mara ngapi hadi wakafika pale. Wakirudi shuleni, anajinyonga.

Hapo ndipo iliponishika. Shule ya upili nilikuwa kwenye kundi la drama, na mwalimu wetu alikuwa na kipande cha paipu nyeusi. Tulifika kitaifa. Hadi leo tukikutana tunacheka: bila ile paipu tungefika wapi? Nimeyasema hayo mwenyewe, tena mara nyingi.

Filamu nayo inakaribia kusema hivyo hivyo. Kamera inapenda mno matokeo: hariri, rangi za usoni, ile sauti. Hata wakiwa watu wazima wenye majina makubwa, mwalimu anawaita, wanapiga magoti, anawachapa. Tunaonyeshwa hiyo kama heshima. Vijana wa Mapinduzi ya Utamaduni wakiwapigisha magoti, tunaonyeshwa ukatili. Mimi naona magoti ni yale yale. Mtu aliyezoeshwa tangu utotoni kwamba ukipigwa unakiri, umati ukimzunguka atafanya nini? Xiaolou anamsaliti Dieyi hadharani, kisha anamkana mkewe, Juxian, naye Juxian anajinyonga. Chen Kaige anaijua aibu hiyo: akiwa kijana alimshutumu hadharani babake mwenyewe, Chen Huaikai, mwongozaji filamu. Miaka mingi baadaye, baba huyo alishiriki kuitengeneza filamu hii.

Mwaka huo wa 1977, filamu inapoishia, kulikuwa na jukwaa lingine Limuru, si mbali na huku kwetu. Kule Kamĩrĩĩthũ, wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijijengea ukumbi usio na paa, wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa peupe. Mpita njia aliweza kusimama na kusema, hapana, mzee hawezi kuongea hivyo, na mstari ukabadilishwa. Novemba serikali ikafuta leseni. Mwaka ukiisha, Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. 1982 ukumbi ukabomolewa. Kwa hivyo siasa inaponda kweli, sibishi. Ila Kamĩrĩĩthũ ilithibitisha kwamba watu wanaweza kuigiza vizuri hadi serikali iogope, bila mtoto hata mmoja kupigishwa magoti. Dieyi hakuwahi kuulizwa mstari wake uweje.

Itafute filamu hii uitazame. Cheung peke yake anatosha kukulipa zile saa tatu. Lakini usimsahau Laizi, kwa sababu filamu yenyewe inamwacha nyuma haraka.

Kundi letu lilikuwa na kijana aliyeacha drama akiwa fom two. Sauti yake ilikuwa kali kutushinda wote. Tukicheka kuhusu ile paipu, jina lake huwa halitajwi.