Kuchelewa Kusiko na Mwenyewe

Ndege ikichelewa kuondoka, shirika hutaka kujua sababu. Katika mashirika makubwa ya Marekani miaka ya 1990, swali hilo lilikuwa na maana moja: ni idara gani ibebe lawama? Mizigo, mafuta, marubani au watu wa langoni? Mtafiti Jody Hoffer Gittell, aliyezunguka viwanjani akiyalinganisha mashirika hayo, alikuta wafanyakazi walio hodari wa kujitetea kuliko wa kuiondoa ndege. Siwalaumu. Mpakia mizigo anayeacha kazi yake amsaidie mwenzake wa langoni aliyezidiwa na abiria, dakika zile zitahesabiwa dhidi yake. Hapo wema una gharama, na anayeilipa ni mwenye wema.

Southwest, shirika lililoanza kurusha ndege Texas mwaka 1971, waliongeza aina moja tu ya sababu: kuchelewa kwa timu. Tatizo lilipotokea pale kazi ya kundi moja inapokutana na ya jingine, halikubandikwa idara yoyote. Lilikuwa la wote, na wote walikaa kulizungumza. Ninaustahi sana mkono uliobuni hilo. Halikuhitaji semina ya upendo wala bango la ushirikiano ukutani. Kilichobadilishwa ni namna ya kuhesabu, na mtu aliyekuwa akitafuta wa kumtupia mzigo anabaki hana sababu ya kumtafuta.

Haja ya kusaidiana waliijua mapema. Mwaka 1972 fedha ziliwaishia, wakauza ndege moja kati ya nne walizokuwa nazo. Ili ratiba isivunjike kwa ndege tatu zilizobaki, kila moja ilipaswa kutua, kushusha, kupakia na kuondoka ndani ya dakika kumi. Kwa dakika kumi hakuna anayeweza kusema hii si kazi yangu. Marubani walionekana wakishika mabegi. Shida hufundisha hivyo popote. Kinachonivutia ni kwamba shida ilipopita, waliokuwa na dhamana ya wafanyakazi waliuandika mtindo ule katika taratibu za ajira, usije ukafa na waliouanza. Maelezo ya kazi ya kila mtu, baada ya kutaja majukumu yake, yaliacha nafasi ya lolote linalohitajika ili shughuli nzima iende. Tangu miaka ya 1970 wafanyakazi wote wakawa wanagawiwa sehemu ya faida. Nao si watu wasio na chama: Southwest ni miongoni mwa mashirika ya ndege nchini Marekani ambako sehemu kubwa ya wafanyakazi wamo katika vyama.

Kwenye usaili, ustadi wa kazi haukutosha. Msailiwa aliulizwa alivyoishi na wenzake alikotoka, na rubani alisailiwa na marubani, watu ambao wangekaa naye chumba kimoja cha kuongozea ndege.

Hata hivyo, moyo huo una mipaka. Desemba 2022 programu ya Southwest ya kupanga wahudumu na marubani ililemewa na dhoruba, zikafutwa safari zaidi ya 16,000. Wafanyakazi walihangaika usiku na mchana, lakini moyo wa kusaidiana hauwezi kuziba pengo la mtambo uliochakaa, na uongozi usiuhesabu kama akiba ya kuahirishia matengenezo.

Sehemu ya mtindo wa Southwest ninayoihusudu zaidi haina mvuto wowote: wasimamizi. Gittell alikuta msimamizi mmoja wa Southwest akiwa na watu kama kumi au kumi na wawili, wakati kwingine mmoja alibebeshwa thelathini na zaidi. Mwenye kumi anawajua kwa majina, anapakia mizigo pamoja nao, na anamwona aliyemkimbilia mwenzake hata kama hakuna karatasi iliyorekodi tendo hilo. Mwenye thelathini hubaki na takwimu. Wengi waliokuja kuiga Southwest walichukua safari fupi na nauli nafuu. Wasimamizi waliwaacha, maana kwenye vitabu vya hesabu wanaonekana kama mishahara ya ziada.