Uhai au Zamu? Uhakiki wa Kitu cha Uhai wa Ziada katika Gemu za Majukwaa, kwa Kurejelea Bukoba na Muleba

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki kitu kimoja kidogo katika michezo ya video: kile ambacho mchezaji akikiokota huongezewa uhai mmoja. Kitu hicho kimezoeleka zaidi katika gemu za majukwaa, yaani zile ambazo mhusika hukimbia na kuruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine huku akikwepa maadui na mashimo. Mfano unaofahamika kuliko yote ni uyoga wa kijani wa Super Mario Bros., gemu iliyotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985. Mchezaji huanza na nafasi tatu. Akianguka shimoni au akiguswa na adui angali mdogo, hupoteza moja. Akiupata uyoga, au akikusanya sarafu 100, huongezewa moja.

Mhakiki wa fasihi anapokutana na kitu cha namna hii huvutwa kukisoma kama ufufuo. Mzazi naye huvutwa kukisoma kama fundisho baya, kwamba mtoto anazoezwa kuona kifo si kitu. Malalamiko hayo yanasikika sehemu nyingi, lakini mkoani Kagera yana uzito wa pekee. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa nchini Tanzania, mwaka 1983, walitoka Kagera. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikielekea Mwanza na kuua mamia ya watu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliipiga Bukoba, na tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa mji huohuo, watu 19 wakafa. Mtu anayelelewa mahali kama hapo akasikia mtoto akisema kwa furaha kwamba amebakiza uhai mbili, ana haki ya kuuliza mtoto huyo anasema nini hasa.

Dai la makala haya ni kwamba mtoto hasemi hivyo. Neno analolitumia si uhai, na kitu anachokiokota si uhai. Ni zamu.

2.0 Uyoga na Mwili wa Shujaa

Ni vyema kuanza na tofauti ambayo gemu yenyewe imeiweka wazi. Katika Super Mario Bros. kuna vitu vitatu vinavyohusu kuendelea kuishi, na kila kimoja kina mantiki yake. Uyoga wa kwanza humkuza Mario. Akiguswa na adui hurudi kuwa mdogo lakini hafi. Nyota humfanya asidhurike na maadui kwa muda mfupi, ingawa akitumbukia shimoni atakufa vilevile. Uyoga wa kijani haumfanyii lolote. Mario aliyeuokota ni yuleyule, ana nguvu zilezile na udhaifu uleule. Kilichobadilika ni hesabu.

Tukiiweka tofauti hiyo kando ya fasihi simulizi yetu, jambo moja linajitokeza mara moja. Mashujaa wa tendi wanavifahamu vitu viwili vya kwanza, cha tatu hawakifahamu. Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, ana mwili usiopenywa na silaha isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Hiyo ni nyota isiyozimika, yenye tundu moja. Lakini Liyongo ana uhai mmoja tu. Mwanawe anapomchoma, hakuna Liyongo wa pili anayeanza upya mwanzo wa njia. Anakufa amepiga goti, upinde mkononi, na watu wanaogopa kusogea kisimani kwa sababu hawajajua kwamba amekwisha kufa. Nguvu yote ya tukio hilo inatokana na kutokuwapo kwa hesabu.

Kwa upande wa Kagera, tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa nanga zilichunguzwa kwa kina na M. M. Mulokozi katika tasinifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mchango mkubwa wa kazi hiyo na zilizoifuata ni kuonesha kwamba Afrika ina tendi zenye mashujaa kamili, wenye nguvu za mwili, za akili na za kiuganga. Tunachotaka kuongeza hapa ni kwamba nguvu hizo zote ni sifa za mwili mmoja. Uganga humkinga shujaa; haumwekei akiba ya miili mingine.

Msomaji anaweza kupinga kwa kutaja hadithi za zimwi. Zimwi humeza kijiji kizima, kisha mtoto aliyebaki akalishinda na kulipasua, wote wakatoka wakiwa hai. Je, huo si uhai wa ziada? Kwa maoni yetu, hapana. Waliomezwa wanarudi pamoja, na wanarudi wakijua kwamba walimezwa. Ulimwengu wanaourudia umebadilika, kwani zimwi limekufa. Katika gemu hali ni kinyume. Mario anarudi peke yake, njia imepangwa upya kama ilivyokuwa, na kobe aliyemuua yupo palepale akitembea kama kwamba hakuna kilichotokea. Anayekumbuka ni mchezaji tu. Kwa hiyo uyoga wa kijani, ingawa unaguswa na Mario, ni zawadi ya mtu aliyekaa nje ya kioo.

Hapo nadharia ya upokezi inatusaidia kidogo. Wolfgang Iser alisisitiza kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza. Uhai wa ziada ni pengo la aina yake: matini inamkatiza msomaji, inamrudisha nyuma, na kumtaka asome tena ukurasa uleule kwa ustadi zaidi. Jesper Juul, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu sanaa ya kushindwa, anaona kwamba wachezaji hutafuta michezo ambayo wanajua itawashinda, ilhali katika maisha ya kawaida hukwepa kushindwa. Uyoga wa kijani ni bei ya kushindwa huko. Tena si zawadi ya bure. Ukitoka kwenye tofali, uyoga huteleza na kukimbia, na mara nyingi huelekea shimoni. Mchezaji mwenye tamaa huufuata na kutumbukia nao. Tunadhani hiyo ndiyo sehemu iliyobuniwa kwa werevu kuliko zote katika gemu nzima: mtu anapoteza zamu akikimbilia zamu.

Ipo pia hila ya hatua ya 3-1, ambapo mchezaji hodari humrukia kobe kwenye ngazi mara nyingi mfululizo na kujizolea nafasi bila kikomo. Au ndivyo anavyodhani. Akivuka 127, tarakimu hugeuka ndani ya kumbukumbu ya mashine, na akifa mara moja tu mchezo unakwisha. Hakuna mtunzi aliyekusudia tashtiti hiyo, lakini ipo.

3.0 Laifu Tatu, Uhai Mmoja

Katika vibanda vya gemu vya Bukoba mjini na Muleba, watoto huita kitu hiki laifu. "Nimebakiza laifu moja." "Umemaliza laifu, lete pedi." Wanaotazama utamaduni wa vijana kwa jicho la mashaka watasema huu ni uvivu wa lugha, kwamba neno la Kiingereza limebebwa tu bila kutafutiwa mwenzake. Sisi tunaona kwamba limebebwa kwa sababu Kiswahili hakina neno la kawaida linalokubali kazi hiyo.

Tuyapime. Uhai ni nomino isiyohesabika. Mzungumzaji wa Kiswahili akiambiwa "uhai tatu" anasikia kosa kabla hajafikiria maana. Maisha yana umbo la wingi daima, na tukisema mtu "anaishi maisha mawili" tunamsema tabia, kwamba ana sura ya mchana na sura ya usiku. Roho inahesabika, na ndiyo iliyotumika pale watu wanaposema kwamba fulani ana roho saba kama paka. Lakini roho ina wenyewe. Katika mkoa wenye makanisa na misikiti mingi kama Kagera, mtoto atakayepiga kelele kwamba amepoteza roho mbili tangu asubuhi atasikiwa na bibi yake, na hatafika mbali. Laifu, kwa kuwa haina historia, inakaa kwa utulivu katika ngeli ya I-/ZI-, inahesabika, na haimgusi mtu.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Watoto haohao husema "nimekufa" bila kusita. Ni kweli, lakini kufa katika Kiswahili ni kitenzi kipana. Gari hufa njiani, simu hufa, biashara hufa, na hakuna anayevaa nguo za msiba. Upana huo hauko katika nomino ya uhai inapotajwa kama kitu ambacho mtu anacho. Vilevile inaweza kudaiwa kwamba neno laifu limesomwa tu kwenye kioo. Kwa baadhi ya gemu hilo linawezekana. Kwa Super Mario Bros., kioo huonesha kipicha cha Mario na tarakimu, na uyoga ukiokotwa huonekana maandishi ya 1UP. Watoto wangeweza kusema namba, au picha, au Mario.

Uangalifu huu wa maneno si mgeni Kagera. Katika Kihaya, majina mengi ya watu yanayoanza na Ru- au Rwe- yanahusishwa na orufu, yaani kifo: mzazi aliyempa mwanawe jina la namna hiyo alikuwa akikisemesha kifo, akikilaumu au akikidhihaki, kwa kuwa kilishapita nyumbani kwake. Aldin Mutembei, katika utafiti wake wa mwaka 2001 kuhusu ushairi na UKIMWI miongoni mwa Wahaya, alionesha jinsi sitiari za ugonjwa huo zilivyobadilika kadiri jamii ilivyozidi kuuelewa. Katika siku za mwanzo ugonjwa uliitwa Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa pande za mpaka wa Uganda. Jina la bidhaa lilipewa kifo, kwa sababu jina la kifo halikutamkika. Watoto wa vibandani wamefanya jambo linalokaribiana na hilo kutoka upande wa pili: wamekataa kuipa bidhaa jina la uhai.

Na uhai wa ziada halisi, ule ambao familia nyingi za Bukoba na Muleba zimeuona kwa macho, haufanani hata kidogo na uyoga wa kijani. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bila malipo nchini mwaka 2004, hazikumpa mtu uhai wa pili. Zilirefusha ule wa kwanza, kwa kidonge kila siku, kwa saa ileile, bila kuruka. Kama tunataka kulinganisha, basi zinafanana na uyoga ule wa kwanza, unaoufanya mwili uleule ustahimili pigo. Mhakiki anayechanganya vitu hivi viwili atakosea gemu, na atakosea vilevile maisha ya watu.

4.0 Kibandani

Ieleweke kwamba katika vibanda vingi leo gemu inayotawala ni mpira wa miguu, na gemu za majukwaa huchezwa na watoto wadogo kwenye mashine za bei nafuu zinazoiga ile ya Nintendo. Kaseti zake huandikwa kwa majigambo kuwa zina michezo 9999, ingawa ukizifungua unakuta michezo michache iliyorudiwa. Mara nyingine toleo moja la gemu hutofautiana na jingine kwa idadi ya laifu tu. Watoto huyajua matoleo hayo kwa namba. Contra, ambayo kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu humpa mchezaji laifu 30, ina heshima yake ya pekee hata kwa wasiopenda risasi.

Heshima hiyo haieleweki bila kutazama benchi. Mtoto mmoja ameshika pedi, wengine watatu au wanne wamekaa. Pale ambapo malipo ni kwa mchezo na si kwa dakika, laifu zikiisha pedi inahama. Kila uyoga wa kijani unaookotwa ni muda ambao mwenzako anasubiri. Ndiyo maana uyoga ukitokea benchi zima huutazama, baadhi wakimhimiza mchezaji aufuate na wengine wakiomba utumbukie. Hakuna mmoja kati yao anayefikiria ufufuo. Wanafikiria zamu, na sheria za zamu wanazifahamu vyema tangu kwenye bao, kamba na bomba la maji.

Kwa kusoma hivi, tunarudi bila kutarajia kwenye asili ya kitu chenyewe. Katika mashine za sarafu za miaka ya 1980, nafasi tatu za Donkey Kong (1981) zilikuwa kipimo cha biashara: sarafu moja imenunua makosa mangapi. Nintendo walipoihamishia gemu sebuleni, ambako hakuna sarafu ya kutumbukiza, hesabu ilibaki ingawa sababu yake ilikuwa imeondoka. Katika Super Mario Odyssey ya mwaka 2017 waliifuta kabisa. Mchezaji akifa hupoteza sarafu 10 na kuendelea. Wahakiki wengi waliusifu uamuzi huo. Kwa mchezaji aliye peke yake sebuleni, wana hoja. Ikichezwa kwenye benchi la Muleba, gemu hiyo ingezua ugomvi, kwani hakuna kinachomwambia aliyeshika pedi kwamba sasa inatosha.

5.0 Simu

Hali inabadilika kwa kasi kupitia simu. Katika Subway Surfers (2012), ambayo si gemu ya majukwaa kwa maana kamili lakini imerithi kuruka na kukwepa, mchezaji anayekamatwa huruhusiwa kuendelea kwa kutoa ufunguo, na kila anapokamatwa tena katika mbio hizohizo idadi ya funguo huongezeka maradufu. Funguo huokotwa kwa nadra na huuzwa kwa fedha halisi. Kuendelea kumekuwa bidhaa tena, kama enzi ya mashine za sarafu, ila sasa bei inapanda kadiri mtu anavyoshindwa, na hakuna mwenye kibanda wa kumwambia mtoto aende nyumbani. Watoto tuliowasikia wakicheza gemu hiyo hawasemi laifu. Husema "ninunue" au "niendelee". Nyuma yao hakuna aliyekaa akisubiri pedi.