Jiwe na Rangi Yake: Uteuzi wa Rangi Kama Njia ya Kumfichua Mhusika

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, usawiri wa wahusika umejadiliwa kwa mapana kwa kuzingatia majina yao, kauli zao, matendo yao na yale yasemwayo na wahusika wengine kuwahusu. Rangi haijapewa nafasi kama hiyo. Inapotajwa, aghalabu hutajwa kwa jedwali: nyeupe ni usafi, nyekundu ni hatari, nyeusi ni uovu au msiba, kijani ni matumaini. Jedwali hili hukaririwa na wanafunzi wa shule za upili za Kisii na Nyamira kama linavyokaririwa kwingineko nchini Kenya, na wengi wao hulibeba hadi chuo kikuu. Akikutana na mhusika aliyevaa nyeupe, mwanafunzi huandika kuwa ni mwema. Akikutana na giza, huandika kuwa uovu unakaribia. Ikiwa matini inapingana na jedwali, huachwa matini na kushikwa jedwali.

Makala haya yanapinga desturi hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba rangi katika kazi ya kubuni haimfichui sana yule aliyeivaa au aliyezaliwa nayo. Humfichua zaidi yule anayeitaja, anayeichagua na anayeiamini. Ili kuithibitisha hoja hii, makala yanaanza na lugha yenyewe, yanapitia machimbo ya mawe ya Tabaka huko Kisii, kisha yanachunguza kazi tatu: riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Petals of Blood (1977), Mabepari wa Venisi (1969), tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, na hadithi fupi ya Ken Walibora, "Damu Nyeusi".

Rangi katika lugha

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya asili vya rangi: -eusi, -eupe na -ekundu. Hivi ndivyo vinavyochukua viambishi vya ngeli. Rangi nyingine zote ama zimekopwa kutoka lugha za kigeni ama zimeazimwa kutoka kwa vitu. Kijani kimetokana na jani, kijivu kimetokana na jivu, manjano ni kiungo cha jikoni, zambarau ni tunda, kahawia imetokana na kahawa. Ekegusii nacho kina mizizi mitatu ya aina hiyo hiyo: -mwamu kwa nyeusi, -rabu kwa nyeupe na -bariri kwa nyekundu. Hali hii si upungufu, wala si ya lugha hizi mbili pekee. Brent Berlin na Paul Kay, katika utafiti wao wa 1969 kuhusu majina ya rangi duniani, walionyesha kuwa lugha ikiwa na majina matatu tu ya msingi, huwa ni hayo hayo: nyeusi, nyeupe na nyekundu.

Jambo hili lina athari kubwa kwa mhakiki. Msimulizi wa Kiswahili akitoka nje ya vivumishi hivyo vitatu, mara nyingi hulazimika kutaja kitu. Akisema kuwa msichana fulani ni wa rangi ya maji ya kunde, amekwisha kuleta chungu, jiko na mpishi ndani ya sentensi yake. Akisema kuwa kitambaa ni damu ya mzee, ameleta umri na mwili wa mtu. Msimulizi mwingine angeweza kuitazama ngozi ile ile na kuiita ya dhahabu, naye angekuwa ametuambia kuwa macho yake yamezoea sonara na duka. Msichana ni yule yule; waliotofautiana ni watazamaji. Kwa hiyo, jina la rangi katika Kiswahili ni ushahidi kuhusu ulimwengu wa msemaji kabla ya kuwa ushahidi kuhusu kitu kinachosemwa.

Hata vile vivumishi vitatu havitulii mahali pamoja. Mwafrika ambaye ngozi yake si nyeusi sana huitwa mweupe na mmoja, akaitwa mwekundu na mwingine. Moyo mweupe ni sifa njema, lakini mwanafunzi aliyetoka kwenye mtihani "mweupe" hana cha kujivunia.

Yamkini atatokea mhakiki wa kudai kuwa ipo maana ya rangi inayoshirikiwa na jamii nzima, na kwamba jedwali ni muhtasari wake tu. Dai hilo lina ukweli wake. Victor Turner, katika uchunguzi wake wa matambiko ya Wandembu wa Zambia uliochapishwa katika miaka ya 1960, alionyesha jinsi nyeupe, nyekundu na nyeusi zinavyofungamana na maziwa, damu na mauti. Hata hivyo, Turner huyo huyo alionyesha kuwa nyekundu ni damu ya uzazi na vilevile ni damu ya mauaji. Jamii huipa rangi uwezo wa kubeba maana. Ni nani anayeitumia, wapi na kwa nia gani, ndilo linaloamua ni maana ipi iliyobebwa. Jedwali hufuta swali hilo la mwisho, ilhali ndilo swali la mhusika.

Funzo la Tabaka

Huko Tabaka, Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii, huchimbwa mawe laini ambayo vinyago vyake vimeuzwa kote duniani kwa jina la mawe ya Kisii. Jiwe lenyewe huwa na rangi zake: jeupe, la waridi, la kijivu, na mara nyingi lenye mishipa ya rangi zaidi ya moja. Kinyago kikishachongwa husuguliwa kwa msasa na maji hadi kikawa laini, kisha hupakwa nta ili king'ae. Kuna vinyago vinavyoachwa na rangi yake ya asili. Kuna vingine vinavyopakwa rangi kali, nyeusi au nyekundu au samawati, kisha mchongaji huchora kwa ncha kali juu ya rangi hiyo, na kila mstari anaoukwaruza huonyesha weupe wa jiwe lililo chini.

Tofauti hii yafaa kuazimwa na mhakiki. Mhusika naye ana rangi ya jiwe na rangi ya kupakwa. Rangi ya kupakwa hutoka kwa mikono mingi: mavazi aliyojichagulia, sifa aliyotungiwa na jirani, ngozi yake jinsi inavyosomwa na wageni. Kazi ya mwandishi ni ile ya ncha kali. Haiondoi rangi yote. Hukwaruza mahali palipochaguliwa, nasi tukaona kilichopo chini. Waswahili wamekwisha kulisema hili katika methali: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwalimu aliyeikana damu

Mfano ulio bora zaidi katika riwaya ya Kenya uko mwanzoni mwa Petals of Blood, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Petali za Damu. Munira, mwalimu mgeni kijijini Ilmorog, anawatoa wanafunzi wake darasani ili wajifunze kuhusu mimea. Mtoto mmoja analiona ua na kusema kuwa petali zake ni za damu. Munira anamsahihisha: hakuna rangi iitwayo damu, alichotaka kusema ni kuwa ua ni jekundu. Muda si muda wanaliona ua lililoliwa na funza, na watoto wanauliza maswali ambayo mwalimu hana majibu yake: kwa nini viumbe hulana? Munira anatamani usalama wa kuta nne za darasa lake.

Kwa kufuata jedwali, mhakiki angeandika kuwa ua jekundu linaashiria hatari na umwagaji wa damu, kisha angeendelea na safari yake. Angekuwa amekosa kiini cha tukio. Linalofichuliwa hapa si ua. Mtoto ameitaja rangi kwa kutaja kitu, jinsi Kiswahili kinavyofanya kila siku. Mzungumzaji wa lugha iliyo na rangi ya damu ya mzee asingeona kosa lolote. Munira anataka rangi isiyo na kitu ndani yake, rangi isiyovuja. Huyu ni mtu anayeishi kando ya mambo, mtazamaji asiyetaka kuguswa, naye anajitambulisha kwa neno moja alilolikataa. Riwaya inapofika mwisho, tunafahamu kuwa ni yeye aliyeichoma nyumba ya Wanja, ambamo waliangamia Chui, Kimeria na Mzigo. Aliyekana kuwepo kwa damu katika ua amekuwa chanzo cha mauti, na bado anajihesabu kuwa ametenda jambo takatifu. Mkwaruzo wa kwanza ulikuwa pale shambani, mbele ya watoto.

Sanduku la dhahabu

Katika Mabepari wa Venisi, rangi imefanywa mtihani waziwazi. Anayetaka kumwoa Portia sharti achague sanduku moja kati ya matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi. Mwanamfalme wa Moroko anaanza kwa kuomba asichukiwe kwa ajili ya rangi ya ngozi yake, kwa kuwa damu yake ni nyekundu kama ya mtu mwingine yeyote. Ombi hili ni la haki, na msomaji wa Kiafrika hawezi kulisikia bila kuguswa. Lakini mtu huyo huyo, akisimama mbele ya masanduku, anachagua dhahabu kwa sababu ya sura yake. Aliyeomba asihukumiwe kwa rangi amehukumu kwa rangi, na ndani amekuta fuvu.

Aidha, Shakespeare hamwachi Portia atoke salama. Mwanamfalme akishaondoka, Portia anatamani wote walio na rangi kama yake wachague vivyo hivyo. Kwa kauli hiyo fupi, mwanamke ambaye baadaye atahutubia mahakama kuhusu huruma anatuonyesha mpaka wa huruma yake. Ngozi ya mwanamfalme haikutuambia lolote kuhusu mwanamfalme; imetuambia mengi kuhusu Portia. Nyerere aliifikisha tamthilia hii kwa wasomaji wa Kiswahili miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967, na neno aliloliteua kwa jina lake, mabepari, linamwelekeza msomaji aitazame dhahabu ile kwa jicho la tahadhari.

Damu isiyotambuana

Hadithi ya "Damu Nyeusi" ya marehemu Ken Walibora imo katika mkusanyiko wa Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine (2007), uliohaririwa na Walibora mwenyewe pamoja na Said A. Mohamed, na ambao ulikuwa miongoni mwa vitabu teule vya shule za upili nchini Kenya katika muongo wa 2010. Kwa sababu hiyo wanafunzi wengi wa Kisii na Nyamira waliisoma huku wamelishika jedwali mkononi. Fikirini, mwanafunzi Mwafrika aliyeko Marekani, anabaguliwa na Wazungu kwa sababu ya ngozi yake. Kutokana na machungu hayo anajenga imani: kwamba aliye mweusi kama yeye ni ndugu. Imani hiyo ndiyo inayomponza, kwani Fiona na Bob, Wamarekani weusi, wanamtega na kumwibia.

Hapa jedwali linamfikisha msomaji mahali pabaya. Ikiwa nyeusi ni uovu, basi hadithi inawaunga mkono wale waliombagua Fikirini, na Fiona na Bob ni ushahidi wao. Mwanafunzi anayeandika hivyo katika karatasi ya mtihani ameandika hukumu dhidi yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akitumai kupata alama. Hili si jambo dogo la mbinu za uhakiki.

Usomaji unaopendekezwa na makala haya unaelekea kwingine. "Nyeusi" katika hadithi hii ni rangi ya kupakwa mara mbili. Wabaguzi wameipaka kwa chuki. Fikirini ameipaka kwa mapenzi. Wote wamefanya kosa moja la kuamini kuwa rangi ni tabia. Chuki ya wabaguzi haina udhuru, ilhali kosa la Fikirini ni la mpweke anayetafuta jamaa ugenini, na tofauti hiyo haipaswi kufutwa. Hata hivyo, ni kosa, na ndilo linalotuonyesha upweke wake kwa uwazi kuliko malalamiko yake yote. Weusi wa damu haukumfichua Bob wala Fiona. Umemfichua Fikirini, aliyeuamini.

Hitimisho

Makala haya hayadai kuwa ishara za rangi ziachwe kufundishwa. Yanadai kuwa zifundishwe kwa maswali badala ya majibu yaliyokaririwa. Maswali hayo ni matatu. Ni nani katika kazi hii anayeitaja au kuichagua rangi hii? Ameiazima kutoka kwa kitu gani, na kitu hicho kina nafasi gani katika maisha yake? Ni nani atakayefaidika, na nani atakayeumia, rangi hiyo ikiaminiwa? Mwanafunzi atakayeyajibu atalazimika kurudi kwenye matini, na huko atakutana na mhusika.

Kwa mwanafunzi wa Kisii au Nyamira maswali haya si ya kigeni. Lugha ya nyumbani kwake ina mizizi mitatu ya rangi iliyo sawa na ile ya Kiswahili, na huenda amewahi kuona jiwe la Tabaka kabla halijapakwa chochote. Anajua kuwa ukitaka kuitambua rangi ya jiwe hilo sharti ulikwaruze au ulitie maji. Kinachobaki ni mwalimu wa fasihi kumruhusu afanye hivyo kwa mhusika pia.