Dalali Anayeanza kwa Jirani

Dalali hana jina zuri mjini. Kodi ikipanda analaumiwa yeye. Mteja akikuta chumba alichoahidiwa kimeshachukuliwa, anatukanwa yeye. Lakini mfuate dalali mzuri kwa siku moja pale Kigoma, kutoka Mwanga hadi Gungu na kuteremka Ujiji, utakuta kazi yenye ufundi wake, na ufundi huo hauko mdomoni.

Kijana ninayemsema alianza na vyumba vya kupanga. Mtumishi amehamishiwa Kigoma, anataka vyumba viwili na luku yake mwenyewe; kijana anajua vilipo. Ujira kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo hutembea sana kwa fedha kidogo. Anachovuna zaidi ni watu: wenye nyumba, wenyeviti wa mitaa, na habari za nani anagombana na nani kwa mpaka upi.

Mtazame akipelekwa kwenye kiwanja kinachouzwa. Muuzaji ametangulia, anasifia mandhari: ziwa lote liko wazi, na siku ya anga safi hata milima ya Kongo inaonekana. Kijana anaitikia tu, "Sawa, mzee." Macho yako chini. Anatafuta bikoni, asipoziona, anafuata mstari wa minyaa hadi kona, akiangalia kama imekomaa kote au upande mmoja imepandwa juzi. Kisha anamwacha mzee kivulini, anakwenda kupiga hodi kwa jirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Habari za bei hazigusi. Anauliza nani alikuwa akilima pale zamani, masika maji hupita wapi, watoto wa marehemu wako wapi siku hizi. Bibi akisita kwenye swali la tatu, kijana hasukumi. Ameshahisi kwamba hapo kuna urithi ambao haujagawanywa, na kesho ataanzia huko.

Ujiji ndiko swali hilo lina uzito zaidi. Misafara ya kutoka pwani ilikuwa imeshauzoea mji huo kabla Stanley hajamkuta Livingstone pale mwaka 1871. Reli ilipofika ziwani mwaka 1914, iliishia Kigoma, na Ujiji ikabaki na nyumba zake za ukoo: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na warithi waliotawanyika Dar es Salaam, Bujumbura na Kalemie. Mjomba anaweza kuwa na ufunguo bila kuwa na haki ya kuuza. Kwa hiyo kijana huomba kwanza karatasi ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Na nyumba ikiwa ya wanandoa, hutaka mke naye awepo kikaoni, maana mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa yake.

Uraia nao huulizwa, kwa adabu. Katika mji ambao ndugu wako pande zote za ziwa, swali hilo linaweza kuuma, lakini asiye raia hamilikishwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji.

Viwanja vya ufukweni huuzika upesi, na hapo ndipo kijana hupunguza mwendo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tanganyika lenyewe hupanda na kushuka, na njia yake ya kutokea ni mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Lilipopanda miaka ya karibuni, liliingia kwenye nyumba za watu. Kijana humpeleka mteja hadi kwenye ukuta wenye alama ya maji, akamwekea kidole pale yalipofika, kisha akanyamaza.

Naye ana ndoto ya kumiliki. Tangu mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma uliposainiwa Desemba 2022, hakosi mtu wa kumnong'oneza kuhusu kiwanja kitakachokuwa "jirani na stesheni". Husikiliza, akaenda kufanya upekuzi ofisi ya ardhi. Akiba yake ya udalali anaiwekea kipande kidogo mlimani, mahali alipopita masika na kiangazi, ambapo majirani wote wanne wako tayari kutia sahihi kama mashahidi.

Wapo madalali wanaofunga biashara nyingi kumpita. Ila mteja aliyewahi kuambiwa naye "hapa usinunue" hurudi, na safari hiyo huja na shemeji yake. Kwa kijana asiye na mtaji wa kurithi, huo ndio mtaji wa kwanza. Fedha za kiwanja hupatikana baadaye.