Gego la Masuguru halikupaswa kuvishwa taji siku ile

Mzee wa Masuguru aliingia kliniki moja ya mjini asubuhi akiwa na gego la chini lenye usaha. Jioni akapanda basi la kupitia Segera na kipandikizi kilichokwisha kuvishwa taji, kinagongana sawasawa na gego la juu. Wiki ya sita skrubu ya titani ya kipandikizi hicho ilikuwa inacheza na mfupa umeliwa pembeni.

Uchimbaji ulikuwa safi, maji ya kupoza hayakukatika, na fizi ilishonwa vizuri.

Lakini taji lile! Siku ya kwanza titani hushikwa na mfupa kwa kubanwa tu. Kisha mfupa uliojeruhiwa huanza kuyeyuka kabla mpya haujaota, na kati ya wiki ya pili na ya nne mshiko huwa dhaifu kuliko wakati wowote. Wakati huo skrubu ikitikisika zaidi ya takriban mikromita 150, kinachoota kuizunguka ni nyama ya kovu. Gego ndilo linalobeba mtafuno mzito, na mzee alirudi nyumbani kwenye makande, si kwenye uji. Tena tundu la gego lililong'olewa ni pana kuliko skrubu, na hili lilikuwa na usaha. Hata huko kubana kulikuwa kwa nusu.

Wanaoitetea kliniki wanasema mgonjwa anatoka mbali, nauli itamshinda. Umbali ndio ungewafanya wasubiri, kwa kuwa mgonjwa wa Masuguru skrubu ikianza kulegea hakuna atakayeiona mapema. Tundu lingesafishwa, lizibe miezi miwili au mitatu, ndipo kipandikizi kiingie na kikae miezi mingine mitatu bila kubeba kitu.

Yapo mataji ya siku moja yanayodumu, sibishi: meno ya mbele yasiyogongana na ya juu, au skrubu nne zilizofungwa pamoja kwa daraja moja, zimekazwa kwa nyutoni-sentimita 35 au zaidi. Gego la peke yake ndani ya usaha halimo.

Tena eksirei bapa peke yake ilitosha kuwapa ujasiri, ilhali mshipa wa fahamu wa taya la chini unapita chini ya magego hayo. Sukari nayo haikupimwa.

Brånemark, daktari wa Uswidi aliyeanzisha vipandikizi vya titani, alipompandikizia mgonjwa wake Gösta Larsson huko Gothenburg mwaka 1965, hakuvisha meno siku ile. Aliupa mfupa miezi kadhaa ushikamane na titani kwanza. Larsson alifariki mwaka 2006, vipandikizi vikiwa bado vinafanya kazi. Brånemark hakuwa na kompyuta wala CT, alikuwa na subira.

Daktari akikuahidi gego la kutafunia jioni ile ile, mwulize skrubu imekazwa kwa nguvu gani na tundu lilikuwa na usaha au la. Asipokujibu, rudi nyumbani na pengo lako.