Kutoka Kasubi hadi Entebbe: dereva yuleyule, barabara tofauti

Mjadala wa uendeshaji Kampala huishia kumtafuta mtu wa kulaumu: mwenye taksi hana adabu, mwenye bodaboda hana subira. Safari moja inatosha kuutia shaka uamuzi huo. Toka Kasubi, kaskazini-magharibi mwa jiji, fuata Barabara ya Hoima hadi Northern Bypass, kata kushoto kuelekea Busega, kisha ushike barabara ya kulipia ya Entebbe upande wa kusini. Dereva ni yuleyule na gari ni lilelile, lakini mwendo na ustaarabu hubadilika. Kinachopungua njiani ni mahali ambapo njia yake inakutana na njia ya mwingine.

Wahandisi huzihesabu sehemu hizo. Makutano ya kawaida ya barabara nne, kila upande njia moja, yana sehemu 32 ambapo magari yanaweza kugongana. Mzunguko wa njia moja una 8. Kando ya soko la Kasubi, hata bila makutano, zinazaliwa nyingine. Taksi ya abiria 14 inasimama nusu ndani ya lami. Mlango wake unafunguka kushoto, na hapohapo kati ya mlango na mtaro bodaboda inapenya. Abiria anayeshuka anakanyaga njia ya pikipiki. Adabu ya dereva haiwezi kuziba pengo ambalo kituo cha kusimama kingeziba.

Historia ya barabara hizi inaeleza mengine. Northern Bypass, kilomita 21 kutoka Busega hadi Bweyogerere, ilifunguliwa 2009 ikiwa kwa sehemu kubwa na njia moja kila upande, na mizunguko ilipokutana na barabara kuu. Mzunguko unategemea nafasi kati ya gari na gari. Magari yakijaa pande zote nafasi hiyo haipo, na anayengoja kwa heshima hapiti. Upanuzi ulioanza 2014 uliongeza njia za pili na madaraja ya kupita juu. Barabara ya kulipia ya Entebbe, iliyofunguliwa 2018, ilijengwa tangu mwanzo bila makutano ya kukatana. Kaskazini ilipewa kwa awamu kile ambacho kusini ilipewa kwa mkupuo.

Kuna atakayesema ni malipo, yaliyoanza Januari 2022, yanayowachuja madereva. Hoja ina uzito, ila haielezi kwa nini aliyelipa akirudi Kasubi jioni huanza tena kubana na kupiga honi. Mwingine atasema kusini nako watu hufa. Ni kweli: gari la kilomita 100 kwa saa lina nishati mara nne ya lile la 50, hivyo makosa yakipungua, kila kosa linakuwa ghali zaidi.

Kwa hiyo dawa ya Kasubi si kuiga Entebbe. Daraja la juu humsaidia anayepita, na hapa wengi wamefika: wanashuka, wananunua ndizi, wanavuka. Kinachohitajika ni taksi kuingia kando kabisa ya lami na pikipiki kupita upande ambao mlango haufunguki.